Lekchara katurudishia kazi ya uendelevu, tumekosea wapi?

SWALI: Shikamoo dada. Niko mwaka wa pili, nasoma Mwanza. Tulipewa kazi ya grupu tueleze uendelevu ni nini na tutoe mfano, tukaandika kupanda miti, kuacha mifuko ya plastiki na usafi wa mazingira. Lekchara kasema tumeeleza robo tu, turudie. Na grupu zingine karibu zote wameandika hivyo hivyo. Tumekosea wapi?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Hamko peke yenu, wanafunzi wa vyuo nchi nyingi ukiwauliza hilo swali wanaanza na mazingira na wengi wanaishia hapo hapo. Miti na taka zimo kweli, ila mmewasahau watu.

Mwaka 1987 tume ya Umoja wa Mataifa iliyoongozwa na Gro Harlem Brundtland, waziri mkuu wa Norway wakati huo, ilisema maendeleo endelevu ni yale yanayokidhi mahitaji ya watu wa leo bila kuwanyima watakaokuja uwezo wa kukidhi ya kwao. Na ikasisitiza mahitaji ya maskini ndo yatangulie. Angalieni hata yale malengo 17 ya maendeleo endelevu ya Umoja wa Mataifa ya 2015, la kwanza kabisa ni kuondoa umaskini, la tabianchi ni la 13. Kwa hiyo ukiambiwa kitu ni endelevu uliza pia nani anakula kupitia hicho kitu, nani anakilipia, na mfadhili akiondoka nani atabaki nacho.

Mfano mnao hapo jirani, Shinyanga. Kule miti ilifyekwa sana, enzi za mkoloni ili kuua mbung'o, halafu ikaja pamba, kuni, mifugo, na miaka ya 70 watu wakahamishiwa vijiji vya ujamaa wakaacha ngitili zao. Ngitili ni eneo ambalo Wasukuma wanalifunga mvua zikianza ili nyasi zikue, kiangazi kikikaza ndo linafunguliwa ili ndama, ng'ombe wagonjwa na maksai wapate malisho, yaani wale wasiopelekwa malisho ya mbali. Mradi wa HASHI (Hifadhi Ardhi Shinyanga) ulipoanza 1986 ngitili zilizobaki zilikuwa chache mno, ila kufikia mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilishapita hekta laki tatu, na sehemu kubwa ya miti ilichipua yenyewe kwenye visiki vya zamani baada ya eneo kufungwa, wala si miche ya kununua. Watu wakapata kuni karibu, asali, dawa, majani ya kuezekea. Na aliyeingiza ng'ombe kabla ya wakati alikuwa anapigwa faini na dagashida, baraza lao wenyewe, ndo maana kitu kilishika, sheria ilikuwa ya kwao toka kwa babu zao.

Lakini msiishie kusifia. Mwenye ardhi kubwa na ng'ombe wengi alifaidi zaidi kuliko asiye na ardhi, hilo nalo liandikeni, kwa sababu haki ya kugawana ni sehemu ya uendelevu na mi naona ndo sehemu wanafunzi wengi wanairuka.

Kama mnataka kitu cha hapo hapo chuoni, nendeni kwa mama lishe anayewapikia. Serikali ina mkakati kwamba ifikapo 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ya kupikia, nia nzuri sana, mkaa unamaliza misitu na moshi unaua watu. Ila mama lishe mkaa ananunua wa leo kwa hela ya leo, ndoo moja au hata kopo, wakati mtungi wa gesi ukiisha inabidi atoe hela nyingi kwa mkupuo na siku hiyo labda wanafunzi bado wanamdai chenji na wengine wamekula kwa mkopo wakisubiri bumu, ile hela ya kujikimu ya mkopo wa chuo. Muulizeni mkaa unamla shilingi ngapi kwa wiki, waulizeni na wenzake wanaotumia gesi, wekeni hizo hesabu kwenye kazi yenu pamoja na maneno yake, halafu andikeni ni utaratibu gani wa malipo ungemwezesha kuhama bila kupandisha bei ya sahani. Msiende saa ya mchana ana foleni, nendeni saa kumi akiwa anaosha vyombo, na muombeni ruhusa kabla hamjaandika chochote.