Mdogo wangu anataka kuingia jeshi la Marekani

SWALI: Mdogo wangu yuko Marekani kwa kadi ya kijani, kibali cha ukaazi wa kudumu. Anataka kuingia jeshini apate uraia upesi. Wewe ulipitia huko, nimzuie?
Dada mwenye hofu

JIBU: Dada yangu, usimzuie, ila ajue anachoingia. Magwanda pekee hayampi mtu uraia. Tangu amri ya rais ya 2002, askari mhamiaji anaweza kuomba bila kungoja miaka 5 kama wengine, tena bila ada, lakini fomu ya kuomba uraia, N-400, lazima aijaze mwenyewe. Mimi kabla ya jeshi nilikuwa muosha vyombo hotelini. Kiapo cha uraia nilikila Iraq, vumbi hadi kwenye kope, kisha nikaenda lindo. Mwenzangu aliahirisha kuomba uraia hadi arudi. Alirudi, usingizi ukamkimbia, pombe ikamteka, akafungwa, halafu akafukuzwa nchini, yeye na medali zake! Hilo bado linaniudhi.

Tena, akiachishwa kwa utovu wa nidhamu kabla ya kutimiza miaka 5 ya utumishi, uraia unaweza kufutwa.

Akirudi salama, msimshtue kwa kubamiza milango. Na tafadhali, asiulizwe ameua wangapi. Mimi niliulizwa na mjomba, mezani, mbele ya watoto.