Kijitabu cha Dublin si feki

Mkuu, umeuliza kama kijitabu chako cha siasa cha 1791 ni feki, kwa kuwa kimepigwa chapa Dublin wakati toleo la kwanza lilitoka London. Kuwa na amani. Sheria ya hakimiliki ya Uingereza ya 1710 haikuihusu Ireland mpaka 1801, kwa hiyo wachapaji wa Dublin walichapa upya maandishi ya London bila kuvunja sheria ya kwao. Binafsi nayapenda zaidi matoleo hayo, maana yanakuonyesha watu wa Dublin walikuwa wakisoma nini miaka michache tu kabla ya uasi wa Ireland wa 1798 dhidi ya utawala wa Uingereza.

Inua ukurasa mmoja kwenye mwanga wa dirisha. Ukiona mistari myembamba iliyosongamana, ikikatwa na mingine iliyoachana kama inchi moja, hiyo ni dalili nzuri ya karatasi iliyotengenezwa kwa mkono, kama ya enzi hizo. Halafu angalia pembeni, kwenye mshono. Vitundu vya uzi vikiwepo, huenda kiliuzwa hivyo hivyo, kimeshonwa tu bila jalada.

Nakuomba sana, usikipeleke kwa fundi kujalidiwa upya! Akishapunguza kingo, hazirudi.