Ukimpokea aliyepoteza nyumba, pangeni masharti usiku uleule

Nilikuwa mpokea pesa kwenye duka la vifaa vya ujenzi Kariakoo. Jioni moja hesabu ya droo ilipungua laki tatu na nusu, na kaunta nilikuwa peke yangu. Kesho yake sikuwa na kazi. Kufika mwisho wa wiki, mtaani nilikuwa mwizi. Kodi yangu ilibakiza siku 19, na mwenye nyumba alitaka ya miezi sita kwa mkupuo, kama ilivyo kawaida ya Dar es Salaam. Siku ya ishirini nilirudi nikakuta kufuli lisilo langu, na godoro langu barazani.

Kila anayeniuliza afanyeje rafiki au ndugu akiishiwa mahali pa kulala, huwa naanza na filamu. Inaitwa Trading Places, ya mwaka 1983, kaiongoza John Landis. Niliitazama wakati bado nalala chini kwa watu, kwenye kompyuta ya kijana wa jirani, huku nikimtafsiria mama aliyenihifadhi.

Kisa kiko Philadelphia. Ndugu wawili matajiri, Randolph na Mortimer Duke, wanabishana kama mtu anakuwa mwema au mhalifu kwa damu yake au kwa mazingira yake. Wanawekeana dau la dola 1. Wanamchukua meneja wao, Louis Winthorpe, anayechezwa na Dan Aykroyd, wanambambikia wizi na dawa za kulevya. Nyumba yake na kiti chake cha ofisini wanampa Billy Ray Valentine, yaani Eddie Murphy, ombaomba aliyekuwa akijifanya mwanajeshi wa zamani, kipofu asiye na miguu, mpaka polisi walipomnyanyua juu.

Inachekesha kweli. Lakini mimi nilikuwa naangalia milango. Winthorpe hamalizwi na kukosa kazi. Benki inamnyang'anya kadi. Coleman, mtumishi wake wa nyumbani, kwa amri ya wale matajiri, anamkana mlangoni kwake mwenyewe. Mchumba anamwacha. Anawafuata marafiki zake kwenye tenisi, nao wanageuza nyuso. Hapo ndipo nilipolia, maana nami nilikuwa na majina ya watu wengi kwenye simu, na wiki ile niliwapigia karibu wote. Wengine walisema wako safarini. Mmoja nilimwona jioni ileile anashuka daladala Buguruni.

Kuna tukio la duka la rehani ambalo naliona kama somo zima la uchumi. Winthorpe anapeleka saa yake, anasema thamani yake ni karibu dola 7,000. Mwenye duka, anayechezwa na mwanamuziki Bo Diddley, anamwambia kwamba hapa Philadelphia ni dola 50. Anazichukua, atafanyaje? Mimi friji niliyoinunua laki nne na themanini niliiachia kwa laki na ishirini, kwa sababu mnunuzi aliikuta imesimama uani na mawingu ya mvua yameshafunga. Ukiona kazi imeyumba, uza kitu kikubwa mapema, kikiwa bado kimechomekwa kwenye umeme ndani ya chumba chako. Mnunuzi akishaona vyombo vyako viko nje, bei anapanga yeye.

Anayemwokoa Winthorpe ni Ophelia, mwanamke anayeuza mwili, kachezwa na Jamie Lee Curtis. Ana akiba ya dola 42,000 kwenye dhamana za serikali na anajua miaka mingapi imembakia kabla hajaacha kazi ile. Anampa Winthorpe mahali pa kulala na wanakubaliana kabisa: akirudishiwa mali yake, atamlipa fedha nzuri. Mama aliyenihifadhi, mwenye genge la chakula, alinishika mkono akasema, "Huyo dada ana akili, kapanga bei kwanza."

Naye alikuwa amenifanyia vilevile. Usiku niliofika hakuniuliza kama niliiba. Alinipa wali, akafungua daftari lake la madeni, akasema: "Utakaa miezi mitatu. Saa kumi alfajiri tunaamka, unakanda maandazi. Kwa kulala utanilipa elfu arobaini kwa mwezi ukishapata kazi, nisikudai kabla." Nililala usingizi ambao sikuwa nimeupata tangu nifukuzwe. Mtu aliyekosa nyumba hateswi na baridi tu. Anateswa na kutojua kesho atatazamwa vipi.

Kwa hiyo ukimpokea mtu, yaseme yote usiku wa kwanza: muda, kazi za ndani, chakula, deni kama lipo. Mkaribishaji anayesema "kaa tu mpaka mambo yawe sawa" mara nyingi ndiye anayeanza kugonga masufuria wiki ya tatu. Vyeti na kitambulisho chake vitafutie mfuko mmoja usioingia maji. Laini yake ya simu iwekewe salio, kwa sababu kazi itamtafuta kwa namba ileile. Na wageni wako wakija, usimfanye asimulie kisa chake. Mimi nilikisimulia mara nyingi mno mwaka ule.

Sehemu iliyonichoma zaidi ilinijia baadaye, nilipopata chumba changu Tandika. Valentine akishapewa jumba anawaalika rafiki zake wa baa, kisha anawafukuza kwa sababu wanazima sigara kwenye zulia. Binamu yangu alipokuja kukaa kwangu, siku ya nne nilijikuta namkaripia kwa ajili ya mkeka. Nilikumbuka zulia lile, nikamwomba radhi, tukakaa chini tukapanga masharti niliyopaswa kumpa siku ya kwanza.

Filamu yenyewe msiwawekee watoto. Ina uchi na matusi. Pia ina tukio kwenye treni ambapo Aykroyd anapakwa rangi nyeusi usoni aigize mtu mweusi. Linaniuma, hasa katika hadithi ambayo dakika chache nyuma imetuonyesha Valentine akiwasikia akina Duke, msalani, wakisema kwamba mtu mweusi hawatamwachia kamwe kampuni yao. Mwisho wa akina Duke ni kufilisika kwenye soko la maji ya machungwa yaliyogandishwa, na mwaka 1988, katika filamu nyingine iitwayo Coming to America, tunawaona wakilala mtaani New York.

Miezi saba baada ya kuhama nilimpelekea mama yule laki moja na ishirini. Alizihesabu zote mbele yangu, noti kwa noti, akafungua daftari ukurasa wenye jina langu, akaandika: kamaliza. Kisha akaniuliza kama nimekula.