Mawimbi ya kuteleza na ubao mwezi wa nane: Diani au Malindi?

Dada, umeuliza kama Agosti utapata mawimbi ya kujifunzia Diani, ukitoka hapa Nairobi na wanao wawili. Diani ni pazuri, lakini mwamba wa matumbawe umekinga ufuo, mawimbi yanavunjikia huko mbali. Mkipewa ubao mtakaa tu kama mko kwenye bwawa la Kasarani.

Nendeni Malindi. Pale ghubani mwamba umeachia nafasi, kwa sababu ya maji matamu na matope ya Mto Sabaki, kwa hivyo wimbi linafika mpaka mchangani. Agosti bado ni msimu wa upepo wa kusi, bahari ina nguvu. Ingieni asubuhi na mapema; mchana upepo hulivuruga wimbi. Maji yakiwa ya kahawia msishtuke, ni udongo wa bara, pengine hata wa Athi yetu, maana ndio mto huohuo.

Mimi mara ya kwanza nilisahau kufunga kamba ya mguuni. Ubao ukaenda, mimi nikabaki nameza mchanga huku watoto wa pale wakinicheka.

La maana zaidi: maji yakikuvuta kwenda kilindini, usishindane nayo. Ogelea sambamba na ufuo mpaka mkondo ukuachie, ndipo urudi. Watoto wasipite maji ya kiunoni, na siku za bamvua, maji yanapojaa na kupwa kupita kawaida, ulizia wavuvi kwanza.

Treni itawaacha Miritini, Mombasa, halafu matatu mpaka Malindi, kama kilomita 120. Bebeni chapati.