Maswali ya Wasomaji: Kupe na Viroboto kwa Mbwa

SWALI: Wahariri, hongereni kwa kazi. Nina mbwa wawili wa kienyeji, banda lao nimeliegemeza kwenye jiwe kubwa nyuma ya nyumba. Kila Jumamosi nawaogesha dawa ya kupe ya ng'ombe, ile ya amitrazi, kifuniko kimoja kwenye ndoo. Ikifika Jumatano masikio yamejaa kupe tena. Dawa ni feki, au nakosea mimi? (Msomaji, Buhongwa)

JIBU: Dawa huenda ni nzima. Kinachokuangusha ni kipimo, na zaidi ya kipimo, lile banda.

Tuanze na kifuniko. Amitrazi ya asilimia 12.5 huchanganywa mililita 2 kwa kila lita ya maji, kwa hiyo ndoo ya lita 10 inataka mililita 20. Kifuniko kinachobeba mililita 5 kikiingia kwenye ndoo hiyo, umeweka robo tu ya nguvu: kupe analewa, hafi. Nunua bomba la sindano la mililita 10, toa sindano, pima mara mbili. Lebo yako ikitaja asilimia nyingine au dawa nyingine, hesabu hii haikuhusu. Mwonyeshe daktari wa mifugo chupa kabla ya kuchanganya. Changanya ya siku hiyohiyo tu, maana iliyokwisha kuingia maji haihifadhiki hadi wiki ijayo.

Mwogeshe kwanza kwa sabuni, suuza, acha maji yachuruzike. Kisha vaa glavu, mpake dawa kwa sponji hadi ifike kwenye ngozi. Usisahau katikati ya vidole, makwapani, chini ya mkia na mikunjo ya masikio, ila isiingie machoni wala ndani ya tundu la sikio. Usimsuuze. Akauke kivulini, na asijilambe hadi akauke. Akionekana mzito wa usingizi na anayumbayumba, dawa imemzidi: msuuze kwa maji mengi, mpeleke kwa daktari. Watoto wa chini ya miezi minne, jike mwenye mimba au anayenyonyesha, na mbwa mwenye kisukari wasiogeshwe dawa hii. Na paka, yeye ndiyo kabisa asiguswe nayo.

Sasa banda. Kupe wa kahawia wa mbwa hakai porini akisubiri mbwa apite; anaishi nyumbani kwako. Jike akishiba anajiachia, anapanda ukuta, anatafuta ufa na kutaga humo mayai kwa maelfu. Wanaoanguliwa hupanda mbwa, hula, hushuka kujibadili, hupanda tena, na mwenye njaa anaweza kungoja miezi. Hao wa Jumatano si wale uliowaogesha Jumamosi. Chukua tochi usiku, mulika pale ukuta unapokutana na jiwe, halafu mulika juu chini ya bati, kwa sababu kupe hupenda kupanda. Utawakuta wamejipanga kama mbegu za mbarika.

Choma magunia wanayolalia. Ziba nyufa kwa saruji, hasa huo mwanya wa kwenye jiwe, au ondoa banda hapo kabisa, jambo ambalo sisi tungelifanya kwanza. Pulizia kuta na dari dawa iliyoandikwa kwa ajili ya mabanda, mbwa wakiwa nje, warudi pakishakauka. Rudia baada ya wiki mbili, kwa kuwa mayai huponea upuliziaji wa kwanza. Fedha ya mfuko mmoja wa saruji hapa itakuokolea chupa nyingi za dawa.

SWALI: Daktari alinitajia kidonge cha miezi mitatu, bei ikanitisha. Dukani kuna matone ya shingoni na mikanda ya rahisi. Kipi nafuu kweli? (Msomaji, Kirumba)

JIBU: Gawa bei kwa wiki za kinga. Tuseme kidonge cha fluralana ni shilingi 60,000 na kinakaa wiki 12, na matone ya fiproni ni shilingi 20,000 na yanakaa wiki 4: yote ni shilingi 5,000 kwa wiki. Weka bei za dukani kwako, jibu utaliona mwenyewe.

Uzito ndio unaoamua. Panda mizani ukiwa umembeba mbwa, panda tena peke yako, toa. Usinunue kidonge cha mbwa mkubwa ukakikata vipande viwili kwa ajili ya wadogo. Hakuna anayeweza kukuhakikishia kwamba nusu zote mbili zina dawa sawa. Mpe pamoja na chakula. Kidonge humuua kupe baada ya kuuma, hivyo ukikuta kupe mkavu ameganda kwenye ngozi usikimbilie kusema dawa imeshindwa. Mbwa mwenye historia ya degedege, daktari ajue kwanza.

Matone yanamfaa mbwa anayekaa nyumbani. Tenganisha manyoya katikati ya mabega, dondoshea kwenye ngozi, na asiogeshwe siku mbili kabla wala siku mbili baada. Anayeshinda ziwani na watoto, matone ni hasara. Kidonge hakioshwi na maji.

Mkanda uache nafasi ya vidole viwili, kipande kinachozidi ukikate. Mikanda mizuri ipo, lakini wa kuning'inizwa juani bila boksi, bila tarehe ya kuisha wala jina la dawa, huo ni pambo. Kama una paka, jihadhari na chochote chenye pemetrini: humuua, hata kwa kulala na mbwa aliyepakwa.

SWALI: Huku mwaloni tunapaka oili chafu au mafuta ya taa. Kuna ubaya? (Msomaji, Ilemela)

JIBU: Upo. Huunguza ngozi, na mbwa akijilamba humwingia tumboni na mapafuni. Kingine: msiogeshe mbwa kwa dawa ziwani, wala msimwage mabaki kwenye Mto Mirongo. Dawa za kupe huua samaki. Mwaga kwenye udongo mkavu, mbali na kisima.

SWALI: Tumehamia nyumba iliyofungwa miezi miwili. Siku ya kwanza tu viroboto wakaturukia miguuni, na mbwa tumemtibu! (Msomaji, Igoma)

JIBU: Walikuwa ndani ya vifuko vyao sakafuni, dawa haipenyi humo. Mtikisiko wa miguu yenu na joto la mwili ndivyo vilivyowaamsha. Zoa nyufa na chini ya vitanda kila siku, takataka zichomwe. Matandiko ya mbwa yafuliwe kwa maji ya moto. Endelea kumtibu mbwa, wataibuka kwa wiki kadhaa. Ukitaka kuhakikisha kama bado anao, kung'uta vumbi jeusi la manyoya kwenye karatasi nyeupe iliyolowa: likigeuka wekundu wa kutu, hicho ni kinyesi cha viroboto. Ukiona kama punje za mchele mkiani, ni tegu anayeletwa na viroboto haohao, anahitaji dawa ya minyoo yenye prazikwanteli.

SWALI: Mbwa wangu hali, mkojo umekuwa kama kahawa. Nimuogeshe? (Msomaji, Mkuyuni)

JIBU: Usimwogeshe. Inua mdomo: fizi zikiwa nyeupe, damu inaharibika, na inayoshukiwa kwanza ni babesia, ugonjwa wa damu unaoletwa na kupe. Mpeleke kwa daktari wa mifugo leo, si kesho. Kupe unaowaona wavute kwa kibano karibu kabisa na ngozi, moja kwa moja, bila kuwatumbua kwa kucha.