Kwa viongozi wapya wa ushirika: ukishinda hoja umepata nini?

Bwana asifiwe, wapendwa.

Nawaandikia ninyi mliokabidhiwa vikundi mwanzoni mwa mwaka, huko Umoja, Donholm, Kayole na Zimmerman, mitaa yetu ya hapa Nairobi. Nimekuwa nikifuatilia kundi letu la WhatsApp bila kusema neno, na juzi uvumilivu ukaniishia. Dada mmoja, mgeni kwetu, aliuliza kama ni lazima abatizwe tena kwa kuzamishwa, kwa kuwa alinyunyiziwa maji akiwa mtoto mchanga. Viongozi watatu wakamrukia kwa pamoja. Mmoja alituma Warumi 6. Wa pili alileta Matendo 8, Filipo na yule towashi wakishuka majini. Wa tatu alituma video ndefu ya mahubiri na kumwagiza asikilize hadi mwisho. Makonda wa matatu pale Odeon wakigombea abiria mmoja wana utaratibu kuliko ule. Dada akaandika "Asanteni", kisha akatoka kundini.

Nilimpigia simu. Mama yake, aliyempeleka kanisani akabatizwa, ni mgonjwa sana kijijini, na dada anaogopa kwamba akibatizwa tena mama ataona amekataliwa. Ninyi mlijibu swali ambalo hakuliuliza.

Nawapenda, na ndiyo maana sitawabembeleza.

1. Kabla ya kutoa aya, muulize mtu ameanza lini kuliwaza jambo hilo. Basi. Swali hilo limeokoa jioni nyingi sebuleni kwetu.

2. Usijibu jambo zito usiku ukiwa umechoka. Umetoka kazini, umekwama Jogoo Road, umefika nyumbani ukakuta mtu amekupinga juu ya Waebrania 6: andika jibu lako kama ni lazima, lakini usilitume hadi asubuhi. Yakobo anasema hasira ya mwanadamu haiitendi haki ya Mungu, na hasira ya foleni ya magari nayo ni ya mwanadamu.

3. Jua unapigania haki ya nani. Paulo katika Warumi 10 anawazungumzia Wayahudi wenzake, na hasemi walikuwa wazembe. Anawashuhudia kwamba wana juhudi kwa ajili ya Mungu. Taabu yao ni kwamba, "wakitaka kuithibitisha haki yao wenyewe, hawakujitia chini ya haki ya Mungu." Juhudi ni ya kweli, Maandiko ni ya kweli, na bado mtu yuko nje ya kile anachokitafuta. Paulo alikuwa huko mwenyewe. Katika Wafilipi 3 anazitaja sifa zake moja moja, tohara siku ya nane, kabila la Benyamini, Farisayo, mtu asiye na lawama mbele ya sheria, kisha zote anazihesabu kuwa hasara ili aonekane na haki itokayo kwa Mungu kwa imani.

Mtazameni pia Farisayo wa Luka 18. Tunamhubiri kana kwamba alikuwa mwongo, na Bwana hakusema alidanganya. Alifunga mara mbili kwa juma, alitoa zaka ya mapato yake yote. Orodha yake yaweza kuwa sahihi tangu mwanzo hadi mwisho, na alirudi nyumbani bila kuhesabiwa haki. Mtoza ushuru aliyepanda hekaluni kusali saa ile ile hakuwa na hoja hata moja. Kiongozi anayekumbuka kwamba Mungu alimhesabia haki bure, siku ambayo hakuwa na la kujitetea, hana sababu ya kugeuza sebule ya watu kuwa mahakama. Anaweza kushindwa mjadala Jumatano jioni na akalala usingizi. Anaweza kusema "sijui, nitamuuliza mchungaji" mbele ya vijana wa chuo kikuu, na uso wake usibadilike. Asiyelikumbuka hilo atataka kuthibitishwa kila juma, na watu wa kikundi chake ndio watakaoumia.

4. Hili ni langu mwenyewe, na sitalifupisha.

Nilipokuwa kiongozi kijana, ndugu mmoja wa kikundi chetu alifiwa na baba yake. Tulikuwa na mfuko wa rambirambi, katiba iliyopigwa chapa, na mweka hazina mwaminifu. Mikutano ya matanga ikaanza nyumbani kwake, chai na mandazi, daftari la michango likizunguka. Jioni moja akatusomea ratiba ya mazishi iliyotumwa na wazee wa ukoo. Ndani yake mlikuwa na mambo ya mila: mnyama wa kuchinjwa kabla kaburi halijachimbwa, na maneno ya kuwaomba waliotangulia wasiwafuate watoto mjini. Aliisoma kwa sauti ya chini, macho kwenye karatasi. Alipomaliza akasema, "Naomba mnisaidie."

Nikasimama. Nilikuwa na Kumbukumbu la Torati 18. Nilikuwa na 1 Wakorintho 10, kikombe cha Bwana na kikombe cha mashetani. Nilikuwa na kifungu cha katiba kilichokataza fedha za mfuko kutumika katika sherehe isiyo ya Kikristo. Nikaeleza habari za Gideoni, aliyeanza kazi ya Mungu kwa kuibomoa madhabahu ya baba yake mwenyewe. Nilisema kwa muda mrefu na hakuna aliyenipinga, kwa maana hapakuwa na la kupinga. Kila nilichosema kilikuwa kimeandikwa. Tukakata shauri kwamba mfuko hautalipia basi, na anayetaka kwenda aende kwa nauli yake. Mimi sikwenda. Wengi hawakwenda. Nilishuka ngazi usiku ule nikiwa na amani kabisa, nikimshukuru Mungu kwa kunipa ujasiri. Amani ile inanitisha mpaka leo kuliko hofu yoyote niliyowahi kuwa nayo.

Miezi ikapita, ndipo mke wake akamweleza mke wangu. Ndugu yule hakuwa ameikubali ratiba ile hata kidogo. Alikuwa amebishana na baba zake wadogo kwa simu siku kadhaa, yeye peke yake aliyeokoka katika boma zima. Mwishowe walikuwa wamemwambia: kama una watu wako wa kanisa, waje tuwaone, waongoze ibada, nasi tutayaacha yale mengine. Alihitaji basi lijae. Alihitaji watu wa kuimba na kuomba mkesha mzima pale bomani, hata pasipatikane nafasi ya kitu kingine. Hiyo ndiyo ilikuwa maana ya "naomba mnisaidie", na mimi nilisimama kabla hajavuta pumzi ya kuieleza. Alifika kwao na mke wake, watoto, na watu wawili wa kikundi. Wazee wakaangalia walioshuka garini, wakaendelea na ratiba yao.

Mnaelewa kilichotokea? Mimi na yeye tulikuwa upande mmoja. Jambo lile nililolipinga kwa aya zote zile lilifanyika, na lilifanyika kwa sababu nilishinda.

Nilipojua, nikaanza kutayarisha maelezo. Kwamba hakutufafanulia. Kwamba katiba ilikuwa wazi. Kwamba nia yangu ilikuwa njema. Nikampelekea maelezo hayo mzee mmoja wa uamsho aliyenilea katika wokovu. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza, "Unaenda kueleza ama unaenda kutubu?" Sikuwa na jibu kwa muda.

Nilikwenda. Ndugu alinikaribisha, tukanywa chai, akasema amenisamehe, na naamini alinisamehe kweli. Hakurudi katika ushirika wetu. Anaabudu kwingine, na tukikutana mjini tunasalimiana kwa heshima. Baba wa mtu huzikwa mara moja, kwa hiyo sina namna ya kulipa deni lile kwa kupanda basi jingine.

Tangu wakati huo nawasoma rafiki za Ayubu nikitetemeka. Waliketi chini pamoja naye siku saba, mchana na usiku, bila kusema neno, na hiyo ndiyo kazi bora waliyoifanya katika kitabu kizima. Kisha wakafungua vinywa vyao. Mengi waliyoyasema ni mafundisho ambayo ungeyasikia Jumapili ukaitika amina. Paulo mwenyewe, anapowaandikia Wakorintho kwamba Mungu huwanasa wenye hekima katika hila yao, anatumia maneno ya Elifazi. Hata hivyo mwishoni hasira ya Bwana inawaka juu ya Elifazi na wenzake wawili, na wanapona kwa maombi ya mtu yule yule waliyekuwa wakimrekebisha. Basi mkienda kwenye nyumba ya msiba, kaeni. Pangeni viti, chemsheni chai, mhakikishe bili ya mochari imelipwa. Na mtu akiwaambia "nisaidieni", mwulizeni asaidiwe kwa lipi kabla hamjafungua Biblia.

5. Ndugu akikukosea, mwendee peke yake kwanza, kama Mathayo 18 inavyoagiza. Ukishamtaja kwenye kundi lenye watu mia mbili, hatarudi nyuma hata akijua amekosa.

6. Najua mtauliza: tukae kimya hata Injili ikipotoshwa? Hapana. Paulo alimpinga Petro uso kwa uso kule Antiokia, mbele ya wote, na Wagalatia 2 haimlaumu kwa hilo. Lakini angalieni alikuwa akimtetea nani. Petro alikuwa amejitenga na meza ya watu wa Mataifa kwa kuwaogopa waliotoka kwa Yakobo, na waamini hao walikuwa wameachwa wakila peke yao. Paulo alisema ili watu hao warudishiwe ndugu zao mezani. Hoja yako ipimeni hapo: ikikubaliwa, ni nani atakayeingia ambaye alikuwa amesimama nje? Mhubiri akiwaambia watu kwamba uponyaji utakuja wakituma "mbegu", yaani fedha, kwa simu, simama, sema waziwazi kwamba huo ni uongo, kwa sababu yuko mama Kayole atakayetuma kodi ya nyumba. Ukali huo una mtu unaomlinda. Ukali wangu wa jioni ile ya matanga haukumlinda yeyote isipokuwa mimi.

Na hata mkitengana juu ya jambo, msifunge mlango. Paulo na Barnaba waliachana kwa ugomvi mkali juu ya Marko, na Luka hatuambii nani alikuwa na haki. Miaka baadaye Paulo, akiwa kifungoni, anamwagiza Timotheo amlete Marko kwa kuwa anamfaa kwa utumishi. Nampenda Paulo kwa mstari ule mmoja kuliko kwa hoja zake nyingi.

7. Zaka kabla ya makato ya mshahara au baada, suruali kwa akina dada, Krismasi, ngoma madhabahuni: someni Warumi 14 yote, kwa sauti, kisha mrudi kwenye somo la siku.

8. Tubuni mbele ya watu mnaowaongoza, mambo halisi. "Nilimjibu fulani kwa dharau juma lililopita" inatosha. Hii si mbinu mpya iliyoletwa na semina. Uamsho wa Afrika Mashariki ulipofika Kabete mwaka 1937, ukitokea Rwanda na Uganda, ndugu wale walijulikana kwa kutembea nuruni, kila mmoja akianza na dhambi yake na kuiacha ya jirani. Mkidhani watu wa namna hiyo huwa dhaifu, kumbukeni miaka ya Hali ya Hatari iliyotangazwa 1952. Wengi wao walikataa kula kiapo cha Mau Mau, na wakakataa pia kushika bunduki upande wa serikali ya kikoloni, na wako waliouawa kwa hilo. Naamini waliweza kusimama siku ile kwa sababu walikuwa wamekwisha kufa mapema, pale walipokubali kuonekana wamekosa mbele ya wenzao na kubaki mikononi mwa Kristo.

9. La mwisho linawahusu wale ambao kweli mko sahihi na mmesingiziwa, na najua mko kwenye vikundi viwili au vitatu. Fedha zilipotea, jina lako likatajwa, hukuzigusa. Eleza mara moja, kwa ufupi, kwa mwenye mamlaka ya kusikia, ukiwa na daftari na ujumbe wa M-Pesa. Kusema kweli kwa utaratibu si kiburi. Baada ya hapo acha kumfuata kila mtu pembeni ukimweleza upande wako. Petro anasema Bwana alipotukanwa hakurudisha matukano, bali alijikabidhi kwake ahukumuye kwa haki. Kujikabidhi huko hakufanyiki mara moja. Utalazimika kujikabidhi tena asubuhi, kisha tena jioni ukimwona aliyekusingizia akiongoza sifa, na Jumapili ijayo tena. Usibebe peke yako. Niite, au mwite mzee yeyote, tuombe pamoja. Nyumbani kwangu Umoja Jumamosi alasiri pana nafasi.