Kwa Afisa Ugani Mgeni: Anzia Kwenye Kinyungu

Ndugu mwenzangu unayeanza kazi ya ugani katika Nyanda za Juu Kusini, kosa langu kubwa la msimu wa kwanza, katika kijiji kimoja cha Kilolo, halikuhusu udongo wala mbegu. Niliitisha shamba darasa saa tatu asubuhi kwa barua zilizopelekwa kwa wakuu wa kaya. Waliofika karibu wote walikuwa wanaume, wakaandika vizuri sana kwenye madaftari yao, na palizi ilipofika niliwakuta wake zao shambani wakiendelea kama zamani, kwa kuwa hakuna aliyewaeleza lolote. Nilipohamishia mafunzo saa tisa alasiri, jirani na bomba la maji, ndipo nilipopata wanafunzi wenye maswali.

Swali lao la kwanza lilinifedhehesha: "Hiyo mboji ataibeba nani?" Nilikuwa nimefundisha mboji kana kwamba samadi na maji hujileta vyenyewe shambani. Kilimo endelevu husifiwa kwa kupunguza gharama, na ni kweli hupunguza gharama ya mbolea ya dukani, lakini baadhi ya mbinu zake humwongezea mama mzigo. Kuacha kutifua ardhi pasipo matandazo ya kutosha, kwa mfano, huongeza magugu, na huku kwetu palizi kwa sehemu kubwa ni kazi ya wanawake. Mabua yenyewe ya kutandaza huwa yanagombaniwa na ng'ombe. Usifundishe mbinu yoyote kabla hujajua itaongeza ndoo ngapi na saa ngapi, na za nani.

Ndiyo maana nakushauri uanzie kwenye vinyungu, yaani zile bustani za mabondeni zinazolimwa kiangazi kwa unyevu uliobaki ardhini, ambako mara nyingi mama huamua mwenyewe apande maharage au mboga, na auze lini. (Pima umbali kwanza: Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inalinda mita 60 kutoka kingo za mito na vyanzo vya maji, na si vizuri mafunzo yako yamwingize mtu matatani.) Mboji ikitengenezwa hapohapo ukingoni mwa bustani, haibebwi na mtu. Panga mabua, majani mabichi, samadi na majivu kidogo kwa tabaka, kisha chomeka kijiti kirefu hadi katikati ya lundo. Baada ya siku chache kichomoe ukishike: kikiwa cha moto na chenye unyevu, lundo linafanya kazi, kikiwa kikavu, mwagia maji, kikinuka vibaya, maji yamezidi, ligeuze. Mama mmoja ambaye hakuwahi kusoma alikielewa kijiti kile haraka kuliko mimi nilivyokielewa chuoni, na ndani ya miezi mitatu alikuwa akizungukia malundo ya jirani zake, huku mumewe akimuuliza kama mahindi ya mlimani nayo yangeweza kuwekewa mboji ile.

Kisha likatokea jambo ambalo sikulitarajia. Mwaka wa pili, kinyungu chake kilipokuwa kimeshiba rutuba, shemeji yake alikidai kuwa ni cha ukoo, na baraza la ukoo likampa. Kazi ya misimu miwili ikaenda na ardhi. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inampa mwanamke haki sawa na mwanamume ya kupata na kumiliki ardhi ya kijiji, na hati ya hakimiliki ya kimila inaweza kuandikwa majina ya mume na mke. Mimi nilikuwa nayajua hayo, ila niliyaona kuwa kazi ya idara nyingine.

Siku hizi sichimbi hata shimo moja kabla ya kumwalika mtendaji wa kijiji aje kueleza utaratibu wa hati hizo. Hukaa kwenye benchi akizungumza, nami nakaa pembeni nikichonga vijiti.